Mwasumini Uliokaa Eda

Ukipita leo mtaa ulio nyuma ya soko la Kibiti, wakati watu wanatoka kuswali alasiri, utakutana na harufu za kawaida: vumbi lililomwagiwa maji, viazi vinavyokaangwa, moshi wa bodaboda. Kuna moja haipo. Waliohamia juzi hawajui kwamba kuna kilichopungua. Sisi tuliokulia pale, tukifika kwenye kona ile, bado tunapunguza mwendo bila kukusudia, pua imetangulia, kisha tunakumbuka na kuendelea na safari zetu.

Ilikuwa harufu ya asumini, na ilitoka barazani kwa Bi Mwanawetu.

Hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwahi kushika cheo chochote, hata cha mjumbe wa nyumba kumi. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa sauti ndogo, aliyeburuza kandambili ya mguu wa kushoto, hivyo tulimjua kabla hajatokeza. Alizaliwa Mbuchi, kule mto unakojigawa vijito vijito kabla haujaingia baharini, akaolewa Kibiti na Fundi Talib wa baiskeli. Mungu hakuwapa mtoto. Siku ya kuletwa kwa mumewe alikuja na tawi la mwasumini wa mama yake, amelizungushia kitambaa kibichi. Tawi likawa mti, na mti ukawa kazi yake.

Alitunga vikuba. Wakati ule mtu hakuozesha binti Kibiti bila kikuba cha Bi Mwanawetu: fungu dogo la asumini na mrehani, limekazwa kwa uzi, linabandikwa kwenye nywele za bibi harusi au kifuani, na harufu yake inabaki kwenye mto mpaka kesho yake mchana. Walikuja kuvichukua kutoka Dimani, na mara moja moja hata kutoka ng'ambo ya mto, Utete. Alivichuma vitumba jioni kabla havijafunguka, akavitunga amekaa kwenye kigoda, na hakupenda kusemeshwa akiwa na sindano mkononi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Rafu zilizokuwa tupu zilijaa ghafla sabuni za rangi, ndoo za plastiki na redio za betri. Saruji, ambayo zamani ilihitaji kibali na kujuana na mtu, ikawa inapatikana kwa yeyote mwenye uwezo. Fundi Talib akajimwagia baraza ya saruji mbele ya nyumba, akaisugua mpaka ikang'aa. Kisha akaokota pipa la lami lililoachwa na watengeneza barabara, akalikata katikati kwa patasi, akalitoboa matundu chini na kuuhamishia mwasumini humo. Akauweka kwenye kona, chini ya upenu, unapopata jua la asubuhi na kukingwa na la mchana. Jioni aliporudi kazini mikono imejaa grisi, mkewe alimchomekea asumini moja sikioni, kwa kuwa mikono ile haikufaa kushika ua. Alikunywa chai hivyo hivyo, ua sikioni, akisalimiana na wapita njia. Tulimcheka mpaka tukazoea, na tulipozoea tukaona fundi asiye na ua sikioni ndiye mwenye kasoro.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka, kaskazi imeshika. Alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli ya mteja, akaegemea gurudumu kama mtu anayesikiliza upepo ukitoka kwenye mpira, na hakuinuka.

Watu walikuwa wengi. Wanaume walihitaji nafasi ya kukaa matangani, kwa hiyo wanne wakalibeba lile pipa na kulisogeza mwisho wa baraza, palipo wazi, ili majamvi yaenee. Hakuna aliyefanya kosa. Nafasi ilihitajika. Matanga yalipoanuliwa, majamvi yalirudishwa msikitini, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, na pipa likabaki pale pale lilipowekwa.

Bi Mwanawetu alikuwa ameshaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane haendi mahali, hajipambi, hajitii wanja, hagusi kinachonukia. Aliyemsimamia ni wifi yake, Mwanaidi, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka Dimani na sanduku lake la bati na kujipangia chumba cha pili. Mwanaidi alikuwa mjane wa siku nyingi, mrefu, mkavu, mwenye macho yanayoona sahani chafu kutoka uani. Eda yake mwenyewe aliikaa bila kosa, na ya mke wa kaka yake hakutaka iharibike mikononi mwake.

Kila mtu pale mtaani alijua kinachofuata. Nyumba ilikuwa ya marehemu. Mjane asiye na mtoto ana fungu lake, lakini fungu kubwa lilikuwa la Mwanaidi. Eda ikiisha, Bushiri, mdogo wake Bi Mwanawetu, angekuja kutoka Mbuchi, wazee wangekaa, nyumba ingeuzwa, na dada mtu angerudi delta kukaa kwa mdogo wake, ale chakula alichopikiwa na mke wa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, wala haikuwa na ubaya. Lakini Bi Mwanawetu hakutaka. Alitaka kubaki katika nyumba aliyoishi na mumewe, na ili abaki ilimpasa awe na kitu cha kumfanya ajitegemee. Kitu hicho kilikuwa ndani ya pipa.

Pipa la lami ni jeusi. Saruji ya Kibiti mchana wa kaskazi huwezi kuikanyaga bila viatu. Mwasumini, ambao maisha yake yote ulikuwa chini ya upenu, ukajikuta juu ya sakafu ya moto, ndani ya chuma cha moto, hakuna wa kuutupia hata kata moja ya maji asubuhi. Majani yakaanza kuning'inia. Bi Mwanawetu aliuona kupitia upenyo wa dirisha la chumbani. Alimwomba Mwanaidi ausogeze chini ya upenu. Mwanaidi akamjibu, si kwa ubaya, kwamba kuna mambo ya kufikiriwa katika nyumba yenye msiba, na maua si mojawapo.

Aliyeuona wa kwanza kwa nje ni Mashavu, jirani, muuza maandazi, mtu mwenye huruma kubwa na sauti kubwa kuliko huruma. Alipita saa saba mchana, akaukuta umelegea, akapiga kelele kidogo na kuumwagia ndoo nzima. Kisha akaenda dirishani kutoa taarifa kwamba mti ulikuwa unakufa kwa kiu na yeye ameuokoa. Bi Mwanawetu akamshukuru. Jioni ile majani yaliinuka, na Mashavu akasimulia mtaa mzima.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Habari ilienea kwamba mti wa marehemu Talib una kiu, na kumwagilia mti wa marehemu ni sadaka inayomfikia. Nani asiyetaka kumpelekea fundi sadaka? Karibu kila mmoja alikuwa na baiskeli iliyowahi kulala kibandani kwake. Wanaume waliotoka msikitini walimimina maji yaliyobaki kwenye birika la kutawadhia. Wanawake waliokuja kumpa pole mjane walimimina walichokuja nacho. Siku ya hitima, baada ya pilau, maji ya kunawia mikono yote yalikwenda pipani, na mafuta yake na sabuni yake. Kila mmoja aliona udongo wa juu umekauka kwa jua, kila mmoja akadhani ni yeye peke yake aliyekumbuka, na kila mmoja akaondoka na moyo mwepesi.

Ndani, Bi Mwanawetu alisikiliza. Mtu aliyekaa chumbani siku nzima hujifunza kusikia. Mwanzoni maji yalipoanguka udongo uliyavuta, ikasikika sauti ya kunywa, kama mtoto anyonyaye. Baada ya siku kadhaa sauti ile ikakoma. Ikawa maji yanaangukia maji. Akajua kwamba matundu ya chini yameziba, pengine kwa udongo ulioshindiliwa pipa lilipoburutwa, na kwamba mizizi sasa imekaa kwenye supu: mchana inapikwa, usiku inaoza.

Alimwambia wifi yake awaombe watu waache.

"Watu wanatafuta thawabu," Mwanaidi akasema, "wewe unawahesabia ndoo?"

"Mti unazama, wifi."

"Uko juani, juu ya saruji. Utazamia wapi?"

Na kwa kweli kwa mtu anayetazama ilikuwa vigumu kuamini. Mti uliozama na mti wenye kiu hufanana: majani yale yale yaliyolegea, rangi ile ile ya kukata tamaa. Kwa hiyo kadiri ulivyolegea ndivyo ulivyonyweshwa. Majani yakageuka manjano kuanzia chini. Halafu siku moja Mashavu akaja mbio dirishani, pumzi juu juu.

"Shoga, umejaa vitumba! Haujawahi kubeba namna hii. Talib anakuombea huko aliko."

Bi Mwanawetu akalia. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi, na Mashavu alirudi kwake akijua amemletea mwenzake furaha. Haikuwa furaha. Mama yake alikuwa amemwonyesha jambo hilo Mbuchi, mwaka maji ya chumvi yalipopanda mpaka uani: mwasumini ulioona mwisho wake hukusanya nguvu zote zilizobaki na kutoa maua kwa pupa, kisha unakwenda. Vile vitumba vilikuwa kwaheri.

Alikwenda kwa Mwanaidi akiwa bado anajifuta uso. Akamwomba pipa liingizwe uani, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, alipoweza kuufikia bila kutoka nje. Tunajua yaliyosemwa kwa sababu Mwanaidi mwenyewe aliyasimulia baadaye, miaka mingi baadaye, akiwa amelegea na kuwa mtu wa kucheka.

Alikataa. Asumini ndani ya nyumba ya eda? Watu wangesema nini? Mume hajakauka kaburini, mke analala na maua. Harufu ile ingejaa vyumba vyote, na yeye Mwanaidi ndiye angeulizwa.

Bi Mwanawetu akamaliza kujifuta uso. Halafu akasema, "Basi na wenyewe ukae eda."

Mwanaidi akamtazama akidhani huzuni imempanda kichwani.

"Nitauvua maua yote," Bi Mwanawetu akaeleza. "Kila kitumba. Hautanukia. Hautaona jua kali, hautatembelewa na mtu, hautanyweshwa ovyo. Ukae kama mimi. Nikitoka, utatoka. Ukifa, umefia kivulini."

Mwanaidi alijifunga ushungi akaenda kwa Maalim Khamisi wa madrasa, akamweleza kwa uso mkavu. Maalim alikohoa ili asicheke, kisha akaona mwenzake hacheki, akajikusanya na kusema kwamba kilichozuiwa ni mjane kujipamba kwa manukato, na mti usio na ua hauna tofauti na mchongoma wa uzio. Waubebe tu.

Wakaja wanaume wale wale wanne. Waliuinua wakalalamika kwamba ulikuwa mzito mara mbili kuliko siku ya matanga. Uzito wote ule ulikuwa maji.

Bi Mwanawetu alianza na vitumba. Alikaa kwenye kigoda, akavikata kimoja kimoja kwa kucha, juu ya ungo, kama anayechambua mchele. Ungo ulijaa weupe. Kilikuwa kikuba cha harusi tatu, nne, na hakuna bibi harusi. Mwanaidi alisimama mlangoni muda wote, akauchukua ungo, akavifunga vitumba kwenye gazeti la zamani na kwenda kuvifukia nyuma ya choo. Aliporudi alifungua madirisha yote. Hata hivyo jioni ile nyumba nzima ilinukia. Kila mmoja alikula chumbani kwake.

Kesho yake mjane alifungua sanduku la vifaa vya mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza. Alichukua nyundo na patasi, akamwomba Mwanaidi washikilie pipa pamoja walilaze ubavu, akapiga palipokuwa na matundu. Maji meusi yalitoka, yananuka kama dimbwi la mikokoni maji yakipwa. Yalitoka kwa muda mrefu, yakavuka uani, yakatafuta njia chini ya mlango wa nyuma. Alichimbua udongo wa pembeni kwa kisu. Mizizi iliyokuwa laini na myeusi, inayochubuka ngozi ukiigusa, aliikata. Iliyobaki nyeupe na ngumu hakuigusa. Haikuwa mingi.

Hakuuhamishia pipa jingine. Mwanaidi alishangaa, akasema mgonjwa hubadilishiwa shuka. Bi Mwanawetu akasema mgonjwa huyu akiinuliwa sasa atafia mikononi. Waliinua pipa juu ya mafiga matatu ili upepo upite chini na maji yapate pa kutokea. Wakalizungushia gunia la korosho, jua la asubuhi lisikipashe chuma moto. Juu ya udongo wakatandika makumbi ya nazi. Mbolea hakutia, Mashavu aliyeleta kikapu cha samadi ya mbuzi alirudishwa nacho, akanung'unika njia nzima kwamba huko ni kuunyima mgonjwa uji.

Baada ya hapo kazi ilikuwa moja, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote: kutofanya kitu. Kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, Bi Mwanawetu alichomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, aliondoka. Kikitoka kikavu, alimimina kata moja, polepole, kuuzunguka mti, mpaka aone tone likitoka chini. Mchana hakumwaga, hata jua lilipokuwa linapiga ukuta wa jikoni na majani kujikunja. Alisema majani yanayojikunja mchana na kuinuka jioni yanajikinga tu, yaachwe. Alipokuwa akisema hivyo hatukujua kila mara kama alikuwa anausemea mti.

Majani yakaanguka. Yote. Ukabaki fungu la vijiti vya kahawia ndani ya gunia. Wanawake waliokuja kumjulia hali waliutazama kwa jicho la pembeni na kusema inshallah.  Masika yalipoanza Mwanaidi alimsaidia Bi Mwanawetu kulisukuma pipa chini ya upenu wa jiko, kwa sababu mvua nayo ni ndoo ya mtu mwingine asiyejua kuacha, na walikaa wawili kwenye jamvi wakitazama maji yakianguka hatua moja kutoka kwenye mti. Hawakuwahi kupendana. Talib alikuwa ndiye daraja lao, na daraja lilikuwa limekatika. Lakini mvua ilikuwa ndefu mwaka ule, na watu wawili hawawezi kutazama kijiti kimoja kila siku bila kuambiana neno. Mwanaidi alisimulia Talib alivyokuwa akifungua saa ya baba yao akiwa mdogo, ashindwe kuifunga. Bi Mwanawetu hakuwa anaijua hadithi hiyo.

Asubuhi moja Bi Mwanawetu alichelewa kuamka. Alipotoka uani, udongo ulikuwa na tundu la kidole, jipya. Mwanaidi alikuwa jikoni anapuliza moto, amempa mgongo. Kidole chake cha shahada kilikuwa na udongo mpaka kiungo cha pili.

"Una unyevu," Mwanaidi akasema bila kugeuka. "Nimeuacha."

Chipukizi lilitokeza karibu na shina, chini kabisa, pale ambapo hakuna aliyekuwa anapaangalia. Lilikuwa dogo kama jino la mtoto, jekundu kidogo, halafu likawa kijani. Yakafuata mengine. Eda ilipoisha na Bi Mwanawetu kuogeshwa na kuvishwa nguo nyingine, mwasumini ulikuwa na majani machache, madogo, yanayong'aa, na hakuna hata kitumba kimoja.

Bushiri alikuja siku iliyofuata. Alikuwa mtu mwema, mkulima wa mpunga, viganja vimepasuka. Alikuwa ameshamjengea dada yake chumba, amekikandika kwa mikono yake na kukiwekea mlango wa mbao, na alikieleza kwa fahari ya mtu anayejua ametimiza wajibu. Wazee walikaa barazani. Wanawake walikaa ndani, nyuma ya pazia, lakini pazia lilikuwa jepesi. Mazungumzo yalikwenda yalivyotarajiwa. Mmoja akauliza mjane mwenyewe ana kauli gani, na Bi Mwanawetu akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba angependa kubaki, ana kazi yake.

Bushiri aliomba aonyeshwe hiyo kazi. Wakampeleka uani, akauzunguka mti mikono nyuma, akarudi barazani ameinamisha kichwa.

"Dada, kijiti kile ndicho kitakachokulisha?"

"Kina majani, Bushiri."

"Majani hayavaliwi na bibi harusi."

Wazee wakacheka, na Bushiri mwenyewe akacheka, kisha akajutia kucheka.  Bi Mwanawetu alijua mdogo wake amesema kweli. Huwezi kuwaambia wazee wa watu kwamba una uhakika na jambo ambalo wewe mwenyewe kila asubuhi unalichomekea kidole.

Aliyesema ni Mwanaidi. Alisema akiwa nyuma ya pazia, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Fungu langu la nyumba hii siuzi."

Mzee mmoja akasema hakuna aliyemlazimisha auze leo, lakini nyumba yenye wenyewe wawili—

"Nimesikia. Huo mti mnaouita kijiti nimeushughulikia kama mtoto, mimi ambaye sijawahi kumwagilia hata mchicha. Siendi Dimani mpaka nilione ua lake. Na mwenyewe akipelekwa Mbuchi, mimi nitautunza na nani?"

Hapakuwa na hoja ya kisheria katika maneno hayo, lakini yalikuwa na mwenye nyumba ndani yake, na hiyo ilitosha. Wazee walitazamana, chai ikaletwa. Bushiri alilala Kibiti, na asubuhi aliondoka peke yake. Kabla ya kuondoka alikwenda uani tena. Akauangalia mti kwa muda, kama unavyoangaliwa mpunga uliolala kwa mafuriko, akamwambia dada yake kwamba shina bado lina damu.

Walilitoa pipa nje kwa hatua, siku moja asubuhi kidogo, siku nyingine zaidi, mpaka mwasumini ukakumbuka jua. Likarudi kwenye kona yake chini ya upenu, na gunia lake. Bi Mwanawetu alimwambia kila mpita njia, kwa adabu, kwamba sadaka za maji zipelekwe kwingine. Maua ya kwanza yalikuja joto liliporudi, machache, kiasi cha kujaza kiganja. Hayakutosha kikuba. Mwanaidi alichukua moja, akalitazama kana kwamba linamdai jibu, akalichomeka chini ya ushungi wake mahali ambapo lisingeonekana, na akasahau kwamba harufu haifichiki.

Kikuba cha kwanza baada ya yote kilikuwa cha Hanifa, binti wa Mashavu. Kilikuwa kidogo, mrehani mwingi, asumini chache. Wakati ule maua ya plastiki yalikuwa yameshaanza kufika kutoka Dubai, na Hanifa alivaa vyote viwili, taji la plastiki kichwani na kikuba kifuani. Mwaka uliofuata mti ulizaa kama zamani. Watu wakarudi, kutoka Dimani, kutoka Utete, na kwa miaka kadhaa ile kona ikawa tena pale unapopunguza mwendo.

Mwanaidi hakurudi Dimani. Alisema bado anausubiri mti upone vizuri, na alisema hivyo kwa miaka kumi na zaidi, mpaka ikawa utani wa mtaa. Alipofariki, Bushiri alikuja tena, mvi zimemjaa, akasema kile chumba bado kipo. Dada yake akamkaangia samaki, akamfungia matawi kadhaa ya mwasumini kwenye kitambaa kibichi ampelekee mkewe, akamsindikiza mpaka stendi. Vikuba havikuwa vinavaliwa tena sana wakati huo. Mabibi harusi walikuwa wanapambwa saluni. Alitunga kwa wachache waliomkumbuka, na siku nyingine alitunga tu na kukitundika kikuba mlangoni.

Alipofariki na yeye, nyumba waliirithi watu wa mbali, wakaivunja na kujenga fremu za maduka. Pale ilipokuwa kona ya pipa kuna kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu.

Bi Mwanawetu amezikwa Kibiti, kati ya mumewe na wifi yake.